Mapatano ya pekee kazini: wakati gani yanazaa ubunifu, na wakati gani yanazaa manung'uniko

Waimbaji wa kwaya wanaijua shida hii. Siku ya mazoezi kila mmoja anaweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa wa wimbo utakaoimbwa Jumapili. Jumapili inafika, kitabu kinafunguliwa mbele ya kanisa zima, vipande vinaanguka chini, na mtu anabaki akipekua kurasa huku wenzake wameshamaliza ubeti wa kwanza. Karibu miaka 50 iliyopita, katika kanisa moja la Kipresbiteri kwenye jimbo la Minnesota, Marekani, shida hiyo ilimchokesha mwimbaji mmoja aitwaye Art Fry. Siku za juma Fry alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya 3M. Akakumbuka gundi ya ajabu ambayo mwenzake wa kazi, Spencer Silver, aliipata mwaka 1968. Silver alikuwa akitafuta gundi yenye nguvu sana, akapata iliyo dhaifu: inashika karatasi, lakini ukiivuta inabanduka bila kuchana kitu. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua gundi hiyo ifanye kazi gani. Fry akaipaka kwenye vipande vyake vya karatasi. Kutoka hapo vikatokea vile vikaratasi vya manjano ambavyo leo tunavibandika kwenye mafaili na kwenye milango ya ofisi. Vilianza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1980.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida watu wanaishia kwenye kitabu cha nyimbo. Sisi tunapenda kuangalia upande wa pili: Fry alipata wapi nafasi ya kulishughulikia jambo ambalo halikuwa kwenye orodha ya kazi zake? Jibu ni kwamba kampuni yake iliwaruhusu watafiti kutumia sehemu ya saa za kazi, kama asilimia 15, kwa wazo walilolichagua wenyewe. Kwa sheria yetu ya kazi hapa Kongo, ambayo inaweka saa 45 kwa juma, asilimia 15 ingekuwa karibu saa saba.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu linagusa shule, vituo vya afya, redio na ofisi nyingi za makanisa yetu. Mshahara ni mdogo. Mara nyingine unachelewa. Mkubwa wa kazi anamwona mwalimu au muuguzi mwenye akili na bidii, anatamani kumtia moyo, lakini sanduku ni tupu. Anachoweza kutoa ni kitu kingine: saa, nafasi, aina ya kazi, ruhusa ya kusoma. Wengi wanafanya hivyo tayari, kwa maneno ya mdomo tu, bila kufikiri sana matokeo yake. Mara nyingine mfanyakazi anachanua na kazi yote inasonga mbele. Mara nyingine, baada ya miezi sita, ofisi nzima haisemezani.

Kwanza tueleze tunachozungumza. Mapatano ya pekee ni makubaliano ambayo mfanyakazi mmoja anafanya na mkubwa wake wa kazi, yanayompa masharti tofauti kidogo na ya wenzake, kwa faida ya pande zote mbili. Mwalimu Denise Rousseau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh, ndiye aliyelifanya jambo hili lijulikane kati ya watafiti. Kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 2005. Rousseau anatenganisha vizuri mambo ambayo sisi mara nyingi tunayachanganya. Mapatano ya pekee yanajadiliwa waziwazi kati ya wawili, na kila upande unapata kitu: mfanyakazi anapata alichohitaji, na kazi nayo inafaidika. Ikiwa ni mfanyakazi peke yake anayefaidika, kwa kuwa ni shemeji ya mkubwa au wametoka kijiji kimoja, huo ni upendeleo. Na yule anayejichukulia mwenyewe, anayetoka saa nane mchana bila ruhusa au anayebebea simenti yake ndani ya gari la kazi, huyo hana mapatano na mtu. Jambo hilo lina jina lake, na kila mtu analijua.

Mapatano yenyewe ni ya namna nyingi. Mmoja anaomba kuanza kazi mapema na kutoka mapema. Mwingine anaomba kuandika ripoti akiwa nyumbani. Mwingine anaomba kubadilishiwa sehemu ya kazi yenyewe, kuacha jambo moja na kushika lingine analoliweza au analolipenda. Mwingine anaomba nafasi ya kujifunza. Wako pia wanaoomba nyongeza ya pesa kwa ajili yao peke yao. Yote yanaitwa mapatano ya pekee, lakini hayazai matunda yaleyale, na hapo ndipo wakubwa wengi wanapokosea hesabu.

Ubunifu nao tusiukuze kupita kiasi. Watafiti wanauita uwezo wa kuleta jambo ambalo ni jipya na pia linafaa. Jipya maana yake si lazima liwe halijaonekana duniani. Inatosha liwe jipya mahali pale na litatue shida ya pale. Tufikirie muuguzi katika kituo cha afya cha kijijini. Katika chanjo amezoea sanduku lenye sehemu 12, moja kwa kila mwezi: kadi ya mtoto inawekwa kwenye mwezi anaopaswa kurudi, na mwezi ukiisha, kadi zilizobaki zinaonyesha ni nani hakuja. Muuguzi huyo anaona wagonjwa wa shinikizo la damu na wa kisukari wanapotea, wanarudi baada ya miezi mitano wakiwa hali mbaya. Anawaza: kwa nini tusiwe na sanduku kama lile kwa ajili yao? Wazo ni dogo, lakini halitatimia lenyewe. Mtu anapaswa kukaa na madaftari ya zamani, kuandika kadi, kupatana na wahudumu wa afya wa vijijini wawatafute waliokosa. Muuguzi akimwomba mkubwa wake Alhamisi mchana iwe ya kazi hiyo kwa miezi mitatu, na mwenzake apokee wagonjwa, hayo ni mapatano ya pekee. Na matunda yake ni ubunifu.

Sasa, kwa nini mapatano kama hayo yanaweza kuamsha akili ya mtu? Mtafiti Teresa Amabile wa Harvard ameshughulika na swali la ubunifu tangu miaka ya 1970. Kwa maelezo yake, ubunifu unahitaji mtu anayeijua kazi yake vizuri, aliyezoea kufikiri kwa njia zaidi ya moja, na anayeipenda kazi ile kwa ajili yake yenyewe. Halafu unahitaji mazingira yasiyomziba. Ukiangalia mapatano juu ya aina ya kazi, unaona yanagusa mengi ya hayo kwa mara moja. Yanamweka mtu karibu na shida anayoijua kuliko wengine. Yanamweka kwenye kazi anayoipenda. Tena yanamwambia neno ambalo halikuandikwa popote: tumekuamini. Watafiti Sheng Wang, Yin Liu na Christina Shalley walionyesha katika makala ya mwaka 2018 kwamba njia moja ambayo mapatano haya yanapitia hadi kwenye ubunifu ni hiyo ya imani ya mtu katika uwezo wake wa kubuni. Mtu aliyepewa nafasi yake anaanza kujiona kama mtu mwenye mawazo ya kufaa, na mtu anayejiona hivyo anathubutu kuyasema.

Amabile aliwahi kufanya jaribio ambalo tunalipenda kwa urahisi wake. Mwaka 1985 alitangaza matokeo ya kazi aliyoifanya na waandishi 72. Kila mmoja aliandika shairi fupi. Halafu kundi moja lilipewa orodha ya sababu za nje za kuandika, kama pesa na sifa, wazipange kufuatana na umuhimu wake kwao. Kundi lingine likapewa sababu za ndani, kama furaha ya kucheza na maneno. La tatu halikupewa orodha yoyote. Baada ya dakika chache tu, wote wakaandika shairi la pili. Washairi waliosoma kazi hizo bila kujua nani alikuwa kundi gani waliona kwamba waliofikirishwa juu ya pesa na sifa walishuka katika ubunifu. Dakika chache za kuwaza malipo zilitosha.

Hapa tuseme jambo kwa nguvu kidogo. Jaribio hilo lisiwe kisingizio cha kutolipa watu. Tumeshasikia maneno ya namna hiyo katika kazi za kanisa: kwamba mtumishi wa kweli haangalii mshahara, kwamba tumempa uhuru wa saa zake, anataka nini tena? Mtu ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa sababu ya karo hana sababu za ndani wala za nje; ana wasiwasi tu, na wasiwasi haubuni kitu. Mapatano ya pekee yanajengwa juu ya mshahara uliolipwa. Hayajengwi mahali pake. Kile ambacho Amabile anatufundisha ni kwamba nyongeza ya siri kwa mtu mmoja, ili awe mbunifu zaidi, ni njia dhaifu ya kupata ubunifu, hata kama ni njia nzuri ya kumzuia asiende kwenye shirika lingine.

Na mapatano ya saa na mahali je? Hayo ndiyo yanayoombwa zaidi, na kwa sababu nzuri. Mama mwalimu anayetoka kuteka maji saa kumi na moja alfajiri, akaandaa watoto, akatembea mwendo mrefu hadi shuleni, akipewa kuanza na kipindi cha pili badala ya cha kwanza, atafika na akili iliyotulia. Amabile na wenzake walisoma pia kumbukumbu za kila siku za wafanyakazi 177 katika makampuni saba ya Marekani, zaidi ya kumbukumbu 9,000, wakaona kwamba siku za haraka na msukumo mwingi watu walibuni kidogo zaidi, na uchovu huo wa akili uliendelea hata siku iliyofuata na ya pili yake. Kwa hiyo kumpunguzia mtu mbio ni jambo la maana.

Lakini kupunguza mzigo ni jambo moja, na kuleta mawazo mapya ni jambo lingine. Mwaka 2024 jarida la Nature lilitoa matokeo ya jaribio kubwa katika kampuni ya Trip.com nchini China. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya kazi nyumbani siku mbili kwa juma, lingine lilibaki ofisini siku zote tano. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja katika kundi lililopewa siku za nyumbani. Ubora wa kazi haukushuka wala haukupanda. Yaani ruhusa ile iliwahifadhi watu, na kuhifadhi watu ni faida kubwa kwa yeyote aliyewahi kupoteza mhasibu mzuri. Miaka miwili kabla ya hapo, katika jarida hilohilo, Melanie Brucks na Jonathan Levav walikuwa wameonyesha kwamba watu wawili wawili wanaotafuta mawazo kwa njia ya video wanapata mawazo machache kuliko wawili waliokaa chumba kimoja. Walijaribu pia kwa mainjinia 1,490 wa kampuni moja katika nchi tano, wakaona vilevile. Jambo la kushangaza ni kwamba katika kuchagua wazo lililo bora kati ya yale waliyopata, wa video hawakushindwa. Ni kule kuzaa mawazo ndiko kulipungua.

Basi mkubwa wa kazi anayemruhusu mtu kufanya kazi nyumbani ajue ananunua nini. Ananunua utulivu, uaminifu na miaka zaidi ya kuwa naye. Akitaka mawazo mapya pia, apange siku ambazo mtu huyo anakaa na wenzake, uso kwa uso, bila haraka.

Katika miji yetu tuna sababu moja ya kubadilisha saa ambayo watafiti wa Marekani hawaitaji: umeme. Mtu anayetengeneza vipindi vya redio au kupanga kurasa za gazeti la kanisa, kama kwao umeme unarudi saa nne usiku, atafanya kazi yake bora saa hiyo. Kumlazimisha awe ofisini saa mbili asubuhi mbele ya kompyuta iliyozimika ni kumwomba alinde kiti.

Mpaka hapa tumemwangalia mtu mmoja na mkubwa wake. Ugumu wenyewe uko kwa wale wengine.

Turudi kwa Silver na gundi yake. Gundi ilikuwa ya mmoja, shida ya karatasi ilikuwa ya mwingine. Silver alipita idara mbalimbali za kampuni kwa miaka akieleza gundi yake kwa yeyote aliyekubali kusikiliza, na Fry aliisikia katika mkutano mmoja wa namna hiyo. Hata ungempa Fry uhuru wote wa dunia, kama Silver asingefungua kinywa, au kama angemficha Fry kwa sababu ya wivu, tungekuwa bado tunaokota karatasi chini ya viti vya kwaya. Mawazo mapya mara nyingi yanatokea pale ambapo jambo la mtu mmoja linakutana na la mwingine. Kwa hiyo ubunifu wa yule aliyepewa mapatano unategemea wenzake ambao hawakupewa: kama wataendelea kumwambia wanachokijua, kumkosoa kwa upendo, kumkopesha kitabu, kumwita na kusema: njoo uone hiki.

Wenzake wakiona wamedhulumiwa, hawatagoma. Watanyamaza. Watafanya kazi zao na kurudi nyumbani. Mtu mwenye mapatano anabaki na Alhamisi yake mchana na chumba chake, lakini hakuna anayemletea kitu. Mkubwa anashangaa kwamba mtu aliyekuwa na mawazo mengi sasa amekauka.

Katika nchi yetu jambo hili ni kali zaidi kuliko linavyoandikwa vitabuni. Mtu akipewa nafasi, swali la kwanza linaloulizwa kando ya mlango si atafanya nini nayo. Swali ni: huyo ni mtoto wa nani? Ni wa kabila gani? Alisali na nani? Tusijidanganye kwamba ofisi za kanisa zimepona ugonjwa huo. Mkubwa anaweza kuwa amemchagua mtu kwa uwezo wake kabisa, lakini kama hakueleza lolote, watu watajieleza wenyewe, na maelezo yao yatakuwa mabaya kuliko ukweli.

Rousseau, pamoja na Lirong Lai na Klarissa Chang, walichunguza mwaka 2009 ni nani anayeyakubali mapatano ya mwenzake. Urafiki ulisaidia. Lakini kilichosaidia pia ni imani kwamba mimi nami, siku nikiwa na haja, naweza kupata kitu cha namna hiyo. Watu wanaweza kuvumilia kwamba leo ni zamu ya mwingine. Wasichovumilia ni mlango uliofunguliwa mara moja kwa mtu mmoja na kufungwa. Wanaokumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Matayo 20 wanajua manung'uniko hayo yalivyo ya kale (ingawa mfano ule unafundisha juu ya neema, na tungeomba wakubwa wasiutumie kama sheria ya kupanga mishahara).

Kuna pia hesabu ya mzigo. Muuguzi wetu akiwa na kadi zake Alhamisi mchana, kuna mtu anayepokea wagonjwa wake. Mtu huyo ni nani, na yeye anapata nini? Mara nyingi ni yule kijana aliyeajiriwa mwisho, asiyeweza kukataa. Mapatano yanayofurahisha watu wawili kwa kumchokesha wa tatu hayana haki, hata kama wazo lililotoka ni zuri. Ni rahisi kulirekebisha kama likisemwa mapema: kijana naye apewe Jumanne yake, au jina lake liandikwe kwenye kazi ile, au afundishwe mbinu hiyo mpya wa kwanza.

Kampuni ya 3M ina hadithi nyingine, ya kale zaidi, inayoonyesha kitu cha pekee cha mtu mmoja kinavyoweza kuwa cha wote. Mwaka 1921 iliajiri kijana aitwaye Richard Drew kuwa msaidizi wa maabara. Wakati huo kampuni ilitengeneza karatasi za kusugulia. Drew alitumwa kwenye karakana za magari kujaribu karatasi hizo, akawakuta wapaka rangi wamekasirika: ilikuwa desturi mpya ya kupaka gari rangi mbili, na kila walipobandua karatasi iliyokinga upande mmoja, rangi ya upande mwingine ilitoka nayo. Drew akawaahidi kuwatengenezea utepe usioharibu rangi. Hakuwa ametumwa kufanya hivyo. Kiongozi wa kampuni, William McKnight, alimwambia aache, arudi kwenye karatasi za kusugulia. Drew akaendelea kwa nafasi alizozipata, na inasimuliwa kwamba alipokataliwa pesa za mashine, alitumia ruhusa yake ya kununua vitu visivyofika dola 100, akaandika hati nyingi za dola 99. McKnight alijua, akanyamaza. Mwaka 1925 utepe ukawa tayari, na miaka mitano baadaye Drew akaleta utepe ule wa kung'aa ambao sisi sote tumefungia karatasi nao.

Mwanzoni Drew hakuwa na mapatano. Alikuwa na ukaidi, na mkubwa aliyejua kufumba jicho. Hatuwashauri wasomaji wetu wafuate mfano wa hati za dola 99. Lakini McKnight alijifunza kitu. Kile alichokuwa amemfumbia macho mtu mmoja, kampuni baadaye ilikifanya desturi kwa watafiti wake wote, ndiyo ile asilimia 15 ambayo Fry aliikuta. Fry hakuhitaji kuiba saa wala kupendwa na mtu. Mkubwa mwenye hekima anayatazama mapatano ya mmoja kama jaribio: yakifaulu, anajiuliza ni wangapi wengine wangefaa kupata nafasi hiyo, na kama inafaa iwe kanuni ya nyumba.

Kanuni nayo inaweza kunyongwa. Kati ya mwaka 2001 na 2005 kampuni hiyo iliongozwa na James McNerney, aliyeleta mfumo mkali wa kupima kila hatua ya kazi ili kupunguza makosa na gharama. Kwa viwanda ulisaidia. Kwa watafiti, wengi waliofuatilia kampuni hiyo waliona ulibana, na aliyemfuata, George Buckley, aliulegeza katika maabara. Asilimia 15 ilikuwa bado imeandikwa, lakini mtu anayetakiwa kueleza faida ya kila saa hathubutu kuitumia. Kumpa mtu Alhamisi mchana halafu kumdai ripoti ya kila Alhamisi ni kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Na yule anayetaka kuomba, aombe namna gani? Wapo wafanyakazi wengi wazuri ambao hawajawahi kuomba lolote, hasa mama, vijana, na wale wa kazi za chini kama walinzi na wafagiaji, kwa kufikiri kwamba kuomba ni kukosa heshima. Kwao tunapendekeza wasome tena sura ya kwanza ya Danieli, kwa jicho la mfanyakazi. Danieli anataka chakula tofauti na kile kilichopangwa kwa wote. Haendi kwa hasira wala hatishii kuondoka. Anasikiliza kwanza hofu ya msimamizi, kwa kuwa vijana wakikonda ni msimamizi atakayejibu mbele ya mfalme. Halafu analeta pendekezo linaloijibu hofu hiyo: utujaribu siku kumi, utulinganishe na wengine, kisha ufanye kufuatana na utakavyoona. Ana muda unaojulikana, kipimo kinachoonekana, na anamwachia mwenye madaraka uamuzi wa mwisho. Muuguzi anayesema: Papa Daktari, nipe miezi mitatu, na tuhesabu pamoja wagonjwa waliorudi, anaomba kwa njia hiyohiyo. Ni vigumu kumkataa, na mkubwa akikubali hana cha kuficha kwa wengine.

Kuna mambo ambayo hayaombwi. Kupumzika kwa mama aliyejifungua, ambako sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inampa majuma 14, si mapatano ya pekee. Vilevile nusu saa mara mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto, na siku za likizo za kila mwaka. Mkubwa anayempa mama nafasi ya kunyonyesha na kumwambia akumbuke wema huo wakati wa kufanya kazi za ziada, anamuuzia mtu kitu ambacho ni chake. Tunasema hivi kwa sababu tumeona haki na fadhili zikichanganywa mara nyingi, na mtu anayeshukuru kwa haki yake mwenyewe hatathubutu kuomba nafasi ya kubuni.

Kwa wakubwa wa kazi tunabakiza jambo moja dogo la ofisini. Mapatano yaandikwe, hata kwenye nusu ya karatasi: nani, nini, kwa sababu gani, kwa muda gani, nani anashika kazi yake wakati huo, na tarehe ya kuyatazama tena. Sababu isomwe mbele ya wenzake, isipokuwa kama ni ya ugonjwa au ya siri ya nyumbani. Hapo inatosha kusema kwamba sababu ipo na mkubwa anaijua. Tarehe ikifika, mkae kweli. Mapatano mengi tunayoyajua hayakuharibika siku yalipofanywa. Yaliharibika mwaka wa pili, wakati shida iliyoyaleta ilikuwa imekwisha, mkubwa aliyeyakubali alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyekumbuka kwa nini mtu yule haonekani Alhamisi mchana.